Kadi ya benki haiibiwi mfukoni: niliyoyaona kwenye kaunta za hoteli Mwanza

Ukipita Makoroboi siku hizi unakuta pochi zinazouzwa ghali kidogo kuliko zile tulizozoea, na muuzaji ukimuuliza sababu anakujibu bila kusita: hizi ndani zina bati, zinazuia wezi wa mtandao wasikunyonye kadi ukiwa kwenye daladala. Shemeji yangu kanunua. Mama yangu, anayeishi Nansio, naye akanipigia simu. Baada ya shikamoo na habari za wajukuu akauliza, "Eti mwanangu, ni kweli mtu anaweza kukaa karibu yangu kwenye meli, kashika simu tu, hela yangu ya pensheni ikahama?"

Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu vocha yake ilikuwa inaisha. Hapa nataka kujibu kwa kirefu. Nimefanya kazi ya mapokezi, kisha uhasibu, kwenye hoteli za mjini hapa kwa miaka mingi, na kadi zilizopita mikononi mwangu ni za watu wa kila aina: watalii wanaokwenda Serengeti kupitia geti la Ndabaka, wanunuzi wa minofu ya sangara, watu wa migodi ya Geita, wafanyakazi wa mashirika. Ninachokiona kinanisikitisha. Watu wanatoa hela kujikinga upande ambao mwizi hapiti, na upande anaopita kila siku wameuacha wazi.

Tuanze na hilo la hewani. Kadi nyingi mpya zina alama ya vimawimbi vilivyolala ubavu. Maana yake ndani ya plastiki kuna waya mwembamba uliozungushwa pembezoni na kuunganishwa na chipu. Kadi yenyewe haina betri. Mashine ya malipo ndiyo inayotoa nguvu, kwa masafa ya megahezi 13.56, na kadi inaamka ikiwa karibu sana, sentimita chache tu. Mgeni akiipitisha juu juu mashine inakaa kimya mpaka aigusishe. Kadi mbili za namna hiyo zikiwa zimebanana, mara nyingi mashine inashindwa kuchagua na inakataa zote.

Kadi ikishaamka inatoa namba yake, tarehe ya mwisho wa matumizi, na msimbo ambao chipu imeutengeneza kwa muamala huo mmoja. Ukiurudia msimbo huo kesho, benki inaukataa. Zile tarakimu tatu zilizoandikwa nyuma ya kadi hazitoki kabisa. Kwa hiyo mtu aliyefanikiwa kusogeza kifaa chake mpaka kwenye mkoba wa Mama, kikapenya kanga, pochi na kitambulisho cha NIDA, ataondoka na namba na tarehe. Hawezi kutengenezea kadi ya pili yenye chipu, na maduka mengi ya mtandaoni yatamdai tarakimu tatu asizonazo. Je, akija na mashine halisi ya malipo? Mashine hiyo imesajiliwa kwa jina la biashara, fedha zinaingia kwenye akaunti ya mtu anayejulikana benki, na kiasi kikizidi kiwango kilichowekwa inadai namba ya siri. Anayetaka kuiba kwa njia hiyo anaacha jina lake kwenye kila shilingi.

Hofu yenyewe ina asili ya kweli, sitaki kuwadharau wanaoogopa. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst na wenzao walionyesha kwamba kadi za kwanza za aina hii nchini Marekani zilikuwa zinatoa jina la mwenyewe, namba na tarehe bila kusimbwa, yaani bila kufichwa kwa msimbo, hata zikiwa bado ndani ya bahasha ya posta. Kadi zilizofuata zikaboreshwa. Mwenye wasiwasi bado anaweza kuiviringisha kadi yake kwenye kipande cha foili ya jikoni, kazi ni ileile ya pochi ya bei, au aulize benki yake kama inaweza kumzimia malipo ya kugusisha. Mimi sijafanya hata kimoja kati ya hayo, na kadi yangu inakaa mkobani pamoja na funguo.

Sasa igeuze kadi. Ule mstari mweusi wa sumaku ni teknolojia ya miaka ya 1960, iliyotoka IBM, na kilichoandikwa humo hakibadiliki kutoka muamala mmoja hadi mwingine. Kifaa kidogo kinaweza kuunakili kwa kuupitisha mara moja. Chipu iliwekwa kuziba tundu hilo: Europay, Mastercard na Visa walikubaliana viwango vyake miaka ya 1990, na siri iliyomo ndani ya chipu haitoki nje ili inakiliwe. Lakini mstari haukuondolewa. Mastercard ilitangaza mwaka 2021 kwamba kuanzia 2029 kadi zake mpya hazitakuwa na mstari huo, na kufikia 2033 utakuwa umetoweka kabisa kwenye kadi zake. Mpaka wakati huo, mwizi wa ATM anaufuata mstari.

Namna anavyofanya ni rahisi. Anabandika kifuniko bandia kwenye mdomo wa mashine, kinasoma mstari wakati kadi inaingia, na juu ya vitufe anaficha kamera ndogo ya kunasa namba ya siri. Kwa hiyo shika ule mdomo uutikise kabla ya kuingiza kadi, kilichobandikwa kinacheza. Funika vitufe kwa kiganja hata kama uko peke yako mule ndani. Watu wengi wanafunika pale tu wakimwona mtu nyuma yao, ilhali kamera iko mbele yao. Na mwisho wa mwezi, foleni ikiwa ndefu, usimpe kadi yako yule kijana mkarimu anayesema "mama ngoja nikusaidie, mashine hii ina tabia yake." Wazee wamerudi nyumbani na kadi ya mtu mwingine inayofanana na yao, wakaja kushtuka siku ya pili. Pale hakuna teknolojia yoyote, kuna mikono miepesi tu.

Hayo yanajulikana kidogo. Lisilosemwa ni la kwenye kaunta.

Kuna hoteli moja, siitaji, ambako mgeni akitaka kuhifadhiwa chumba alikuwa anaandikiwa barua pepe: tutumie picha ya kadi yako mbele na nyuma. Picha zikifika, zinanakiliwa kwenye kaunta buku. Jina, namba yote ya tarakimu 16, tarehe, na zile tatu za nyuma, mstari mmoja kwa kila mgeni, kwa kalamu ya bluu, mwandiko mzuri unaosomeka. Kaunta buku lilikaa chini ya meza ya mapokezi karibu na funguo za vyumba. Mlinzi wa usiku angeweza kulifungua. Mfanya usafi angeweza. Kila mwanafunzi wa field aliyekuja na kuondoka angeweza kulipiga picha kurasa zote kabla chai haijapoa. Aliyelianzisha hakuwa na nia mbaya. Mtandao ulikuwa unakatika, na meneja alitaka awe na uhakika kwamba mgeni asipotokea hoteli itatoza walau usiku mmoja. Niliposema hili ni hatari, nikajibiwa kwamba ndivyo hoteli zote zinavyofanya.

Si kweli kwamba ndivyo inavyotakiwa. Kampuni za kadi zina kanuni za pamoja, PCI DSS, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 2004, na zinamkataza mfanyabiashara kuhifadhi zile tarakimu tatu baada ya muamala kuidhinishwa. Hata akizisimba, haruhusiwi. Sababu iko wazi: zimewekwa ili kuthibitisha kwamba anayelipa anaiona kadi kwa macho wakati huo. Ukiziandika kwenye kaunta buku, yeyote anayeliona kaunta buku ameiona kadi. Na hapa kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na Tume yake. Taarifa za mgeni ni mali ya mgeni. Hoteli inazishika kwa dhamana, na dhamana hiyo haitimizwi kwa daftari lililo wazi chini ya meza.

Wenye hoteli na wenye kampuni za utalii wa mji huu, nawaomba kwa moyo wote. Benki inaweza kukupa kiungo cha malipo ambacho mgeni anajaza mwenyewe, wewe unaona tu kwamba fedha zimeingia. Namba hazipiti kwako, huna cha kuficha wala cha kuibiwa. Mgeni akiwa mbele yako, mpelekee mashine mezani kwake, kadi isiondoke machoni pake. Kaunta buku la zamani lichomwe, picha zifutwe kwenye barua pepe, na kwenye folda ya takataka pia, kwa sababu nenosiri la barua pepe ya mapokezi linajulikana na kila aliyewahi kupangiwa zamu.

Na mtandao wenu mtenganishe. Mwaka 2013 wezi waliingia kwenye kampuni ya maduka ya Target huko Marekani na kuondoka na taarifa za kadi zipatazo milioni 40. Walianzia kwa kampuni ndogo ya mafundi wa majokofu na viyoyozi iliyokuwa na ruhusa ya kuingia kwenye mfumo wa Target. Wakaiba ruhusa hiyo, kisha wakapandikiza programu kwenye mashine za malipo. Hili nalitaja kwa makusudi hapa Mwanza, ambako fundi wa jokofu ni mtu wa kila wiki kwenye viwanda vya samaki na hoteli, na akifika tu anapewa waifai ileile inayobeba kompyuta ya mhasibu.

Tusiokuwa na hoteli nasi tuna kaunta buku letu, na jina lake ni WhatsApp. Binti anauza vitenge Instagram, anataka kulipia tangazo, kadi yake inagoma, anamwomba kaka yake: nitumie picha ya kadi. Kaka anatuma mbele na nyuma. Ile picha inabaki kwenye simu mbili na kwenye nakala rudufu za simu zote mbili. Siku simu ya binti inauzwa kwa fundi wa Barabara ya Nyerere bila kufutwa vizuri, kadi ya kaka imeuzwa nayo. Steshenari za Malimbe karibu na chuo ni vilevile: mwanafunzi analipia ada ya maombi au mtihani wa mtandaoni kwenye kompyuta ya watu wote, kivinjari kinauliza kama kihifadhi kadi, kijana wa dukani anabonyeza ndiyo kwa mazoea. Anayefuata akifungua ukurasa wa malipo, namba zinamsubiri. Ukilazimika kulipia huko, kaa mwenyewe kwenye kiti, chapa mwenyewe, kataa kuhifadhi, na kabla hujaondoka uangalie kwenye mipangilio kama kuna kilichobaki.

Watu huniuliza pia: kadi yangu sijaitumia mtandaoni hata siku moja, imekuwaje ikatwe dola moja na tovuti nisiyoijua? Inawezekana hakuna aliyeiona. Namba ya kadi si ya kubahatisha kutoka mwanzo hadi mwisho. Tarakimu sita au nane za mwanzo zinataja benki na aina ya kadi, na zinajulikana. Ya mwisho inakokotolewa kutoka kwa zilizotangulia, kwa hesabu aliyoibuni Hans Peter Luhn wa IBM, aliyepewa hataza yake mwaka 1960. Ilikusudiwa kugundua makosa ya kuandika. Ukijua nane za mwanzo, na ya mwisho ukaikokotoa, zinabaki saba, yaani namba milioni 10 za kujaribu. Kwa kompyuta hiyo si kazi kubwa. Tarehe ya mwisho wa matumizi ina majaribio kama 60 kwa kadi ya miaka mitano, tarakimu tatu zina 1,000. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walionyesha mwaka 2016 kwamba kwa kusambaza majaribio hayo kwenye tovuti nyingi kwa wakati mmoja, mtu angeweza kupata tarehe na tarakimu tatu kwa sekunde chache, kwa sababu kila tovuti iliona majaribio machache tu.

Ndiyo maana nasema meseji za benki zisomwe, hata ya shilingi mia chache. Mwizi hujaribu kadi kwa kiasi kidogo aone kama ipo hai. Anayeipuuza meseji hiyo kwa kuwa hela ni ndogo, kesho yake anaamshwa na nyingine. Na kama benki yako haikutumii meseji kwa kila muamala, nenda tawini ukaombe leo.

Tovuti nyingi zitamdai mwizi kitu cha ziada: ile OTP, namba ya siri ya kutumika mara moja, inayokuja kwenye simu yako. Hapo ndipo anapopiga simu. Sauti ni tulivu, ya kistaarabu, jina lako analijua. "Habari za leo mama, napiga kutoka makao makuu ya benki, kuna mtu anajaribu kutoa fedha kwenye akaunti yako, tumemzuia, naomba unisomee namba uliyotumiwa ili tuifunge kadi." Namba hiyo imetumwa kwa sababu yeye mwenyewe ndiye anayejaribu. Isome meseji yote, kwa sababu mara nyingi imetaja kiasi na jina la duka. Kata simu, kisha upige namba iliyoandikwa nyuma ya kadi. Mfanyakazi wa benki haihitaji OTP yako kwa jambo lolote lile. Meseji za kitapeli zitumwe 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, bure. Piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, usiyoitambua kaiondoe. Na mtandao wa simu yako ukikatika ghafla wakati wa wenzako upo, usikae kusubiri urudi. Inawezekana mtu ameihamishia namba yako kwenye laini nyingine, na OTP zinaingia kwake.

Kuna jambo moja linalonifanya nisiwe mtulivu kila nikisoma ushauri wa kadi kutoka nje. Wengi wanaoandika wana kadi ya mkopo. Akiibiwa, zilizochukuliwa ni hela za benki, yeye anapinga deni. Sheria ya Marekani inamwekea kikomo: kwa kadi ya mkopo iliyotumiwa bila idhini, hawezi kudaiwa zaidi ya dola 50. Hata hukohuko, kwa kadi inayokata kwenye akaunti kikomo hicho cha 50 kinamhusu aliyetoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi. Akichelewa kinaweza kupanda hadi 500 na zaidi. Kadi tulizonazo wengi wetu Tanzania ni hizi zinazokata kwenye akaunti. Mwizi anachukua ada ya mtoto, kodi ya nyumba, mtaji wa dagaa. Hela inaondoka kwanza, mabishano yanafuata, na shule haisubiri benki imalize uchunguzi.

Kwa hiyo kinga yangu kubwa haina bati. Nina akaunti mbili. Mshahara unaingia kwenye ile ambayo kadi yake haijawahi kuguswa na tovuti yoyote, na malipo ya mtandaoni nimeyazima. Ya pili ina kadi ninayolipia vitu vya mtandaoni, na ndani yake nahamishia kiasi cha manunuzi ya siku hiyo. Mvuvi hubeba petroli ya safari, pipa hulibakiza nyumbani. Asiyetaka akaunti ya pili anaweza kutumia kadi pepe zinazotolewa kwenye huduma za fedha za simu: unaitengeneza, unaiwekea kiasi, unalipa, unaifunga. Mama yangu nilimwambia aende benki aombe kadi yake ifanye kazi ya kutoa hela tu, na kikomo cha siku kishushwe kilingane na matumizi yake. Alikubali.

Ikitokea umeibiwa, kwanza ifunge kadi kupitia programu ya benki au namba ya nyuma ya kadi, kabla ya kumpigia ndugu yeyote. Andika saa uliyopiga na jina la aliyekupokea. Piga skrinshoti za meseji zote, hata za majaribio madogo. Nenda polisi ukachukue RB, ile namba ya taarifa yako kituoni; wizi wa namna hii unaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na baadhi ya askari wa kaunta watakwambia ni suala la wewe na benki yako. Sisitiza kwa heshima mpaka liandikwe. Kisha nenda tawini na barua, wala usiishie kwenye maelezo ya mdomo. Utaje kila muamala unaoupinga kwa tarehe na kiasi, na uombe kwa maneno haya: benki iudai muamala urudishwe kupitia mtandao wa kadi. Visa na Mastercard wana utaratibu huo, na kwa madai mengi muda wake ni siku 120. Karani akikwambia hela iliyokwenda nje hairudi, mwombe akuandikie jibu hilo. Beba nakala mbili za barua, na usitoke mpaka moja iwe imegongwa muhuri na tarehe.